UZI: Themostati na getwei ya boila hazisikilizani usiku, nyumba inapoa. Naomba msaada wa mafundi

Mtanga_Utrecht (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Naishi Utrecht, Uholanzi, nyumba ya kupanga yenye ghorofa moja na dari. Joto linatoka kwenye boila ya gesi iliyo darini. Inapasha maji, maji yanazunguka kwenye rejeta za ukutani. Themostati, yaani kifaa cha kupangia joto la nyumba, iko chini sebuleni. Kati ya hizo mbili nilifunga getwei ya OpenTherm (lugha ambayo themostati na boila hutumia kuzungumza) mwanzoni mwa Novemba. Kwa ambao hawaijui, ni kisanduku kinachokaa katikati ya waya wa themostati na boila, kinasikiliza wanachoambiana na kukileta kwenye kompyuta. Ukitaka unaweza kuingilia kati na kubadilisha maagizo.

Tangu wiki ya tatu ya Novemba, usiku wa manane themostati inatoa alama ya kukosa mawasiliano. Mara nyingine skrini inazima kabisa, inakaa dakika moja au mbili, inawaka tena. Ikirudia mara nyingi boila haishiki moto. Juzi tumeamka nyuzi 13 ndani. Nina mtoto wa miezi saba, na mama yangu amekuja kutoka Tanga kutusaidia kulea. Mama hajawahi kuishi kwenye baridi ya namna hii, analala na koti. Inaniuma sana.

Nimeizima getwei na kuiwasha, nimebadilisha nenosiri la waifai, nimesogeza ruta. Hakuna kilichobadilika. Nianzie wapi?

Msomaji_Leeds

Pole sana mkuu, mpe mama pole pia.

Swali la kwanza: themostati yako ni ya waya au ya redio? Nauliza kwa sababu yangu hapa Uingereza ni ya redio, masafa ya 868 MHz, na ilinisumbua majira yote ya baridi. Kumbe kipokezi kilibanwa nyuma ya bati la boila, na betri za themostati zilikuwa zinaelekea kuisha. Nilikihamisha kiasi cha futi moja kutoka kwenye chuma, nikaweka betri mpya, nikaviunganisha upya kwa kile kitufe cha kuoanisha. Hadi leo havijakatika.

Kama ni ya waya, ya kwangu haikuhusu.

Kaka_Mkubwa_TZ

Mkuu usijitese. Skrini ikizima themostati imekufa hiyo. Nunua nyingine, ndani ya nusu saa umefunga, mama analala kwa amani. Au toa hiyo getwei kabisa, shida imeanza ulipoiweka, ushahidi gani mwingine unautaka?

Fundi_Dada

Ndugu yangu wa Utrecht, usinunue kitu chochote kwanza. Nafanya kazi ya mifumo ya joto hapa Rotterdam, mwaka wa tisa sasa, na nimeona watu wengi wakinunua themostati mbili, tatu, kisha ubaya unakutwa mahali ambapo hakuna aliyetazama.

Nieleze kidogo zinavyozungumza, maana ukilielewa hilo nusu ya kazi imekwisha.

OpenTherm ni nyaya mbili tu, na hazina chanya wala hasi. Ukizigeuza hakuna kinachoharibika. Nyaya hizohizo mbili zinabeba maneno, na zinabeba pia umeme wa kuilisha themostati. Themostati inazungumza kwa kupandisha na kushusha volti: chini ya 7 ni hali ya chini, kati ya 15 na 18 ni hali ya juu. Boila inajibu kwa njia nyingine kabisa, inabadilisha mkondo: miliampea 5 hadi 9 ni chini, 17 hadi 23 ni juu. Themostati ndiye mwenye kuuliza, boila kazi yake ni kujibu. Lazima iulize angalau mara moja kwa sekunde, na jibu lifike kabla ya milisekunde 800 kupita.

Ujumbe mmoja una biti 34 (biti ni alama moja ya 0 au 1), na biti zinakwenda 1000 kwa sekunde. Maana yake ujumbe mzima unapita kwa milisekunde 34. Waya ukiachia hata kidogo sana katikati ya huo muda, ujumbe umeharibika na unatupwa. Ukipotea mmoja si kitu, sekunde inayofuata anauliza tena. Ikipotea mfululizo, ndipo themostati inasema haina mawasiliano.

Sasa sikiliza hapa. Umesema skrini inazima. Hilo ni neno kubwa. Kama ingekuwa ni lugha tu haielewani, skrini ingebaki inawaka ikionyesha alama ya kosa. Ikizima, themostati imekosa chakula. Na chakula chake kinapita kwenye nyaya mbili zilezile.

Waifai na ruta havimo kabisa kwenye habari hii. Ruta ikifa leo, wewe utakosa kuona takwimu kwenye simu, lakini themostati na boila zitaendelea kuongea kwa waya wao. Kwa hiyo achana na ruta.

Nijibu haya: getwei yako iko wapi, darini karibu na boila au chini? Na je, unahifadhi mazungumzo yake kwenye kompyuta? Kama unahifadhi, tuletee mistari ya dakika ambayo skrini ilizima.

Mtanga_Utrecht

Asante sana dada, hakuna aliyewahi kunieleza hivi.

@Msomaji_Leeds, ni ya waya kaka. @Kaka_Mkubwa_TZ, nashukuru kwa ushauri, ngoja nimsikilize dada kwanza.

Getwei iko darini, kama nusu mita kutoka kwenye boila. Waya wa themostati ni wa zamani, tuliukuta, unateremka ndani ya ukuta hadi kwenye kabati la mita karibu na mlango wa mbele, kisha unaingia sebuleni. Kwa kukadiria, mita 15.

Hii hapa ya jana usiku:

02:11:40 T80190000
02:11:40 B40193000
02:11:42 Error 01
02:11:43 Error 01
02:11:44 Thermostat disconnected
02:13:09 Thermostat connected

Bahari_Kilindini

Hujambo ndugu. Mimi ni Mkenya, naishi Stuttgart, na nina kisanduku kama hicho. Yangu ilikuwa shida tofauti lakini niiweke hapa, huenda ikamfaa mwingine atakayesoma.

Nilikuwa naendesha boila kutoka kwenye Home Assistant, programu ya kusimamia vifaa vya nyumbani, kwa amri ya CS, ile ya kuiambia boila maji yapashwe hadi nyuzi ngapi. Kila mara baada ya muda mfupi boila ilirudi kufuata themostati, nikafikiri mawasiliano yanakatika. Kumbe amri ya CS ni lazima irudiwe angalau mara moja kila dakika. Usipoirudia, getwei inarudisha usukani kwa themostati. Imewekwa hivyo makusudi, ili kompyuta ikifa nyumba isibaki bila mwenye kuisimamia. Pia nilikuwa na programu mbili zimeshika poti moja ya siriali (njia ya kompyuta kuongea na getwei) kwa wakati mmoja, zikawa zinanyang'anyana majibu. Nikaacha moja.

Ndugu, jaribu pia amri ya GW=0. Hapo getwei inaacha kuingilia, inapitisha tu na kusikiliza. Kama makosa yanaendelea hata hapo, basi maagizo yako si chanzo.

Fundi_Dada

Amesema vyema Bahari, fanya hiyo GW=0 usiku wa leo.

Tuisome mistari yako. Herufi ya mwanzo inasema nani ameongea. T ni themostati, B ni boila. Ukiona R, ni getwei imebadilisha swali kabla ya kulipeleka kwa boila, na A ni jibu ambalo getwei imeipa themostati badala ya lile la boila. Baada ya herufi kuna tarakimu nane. Mbili za kwanza ni aina ya ujumbe, mbili zinazofuata ni namba ya kitu kinachozungumzwa, nne za mwisho ni thamani yenyewe. Zimeandikwa kwa hesabu ya msingi wa 16, si wa 10 tuliouzoea.

Kwa hiyo T80190000 ni themostati inauliza kitu namba 19, ambayo kwa hesabu yetu ya kawaida ni 25, yaani joto la maji ya boila. B40193000 ni boila imejibu: 30 ya hesabu ile ni 48 ya kwetu, maji yana nyuzi 48. Safi kabisa. Boila yako mzima, inasikia na inajibu.

Halafu makosa mawili, kisha getwei inatangaza kuwa themostati imeondoka. Haijalalamika juu ya boila hata mara moja. Ukiweka getwei katikati, mstari mmoja umekuwa mazungumzo mawili: themostati na getwei, halafu getwei na boila. Mazungumzo ya pili hayana tatizo. Ubaya uko kwenye yale ya kwanza, yaani ni moja kati ya themostati yenyewe, mita 15 za waya, au upande wa getwei unaoitazama themostati.

Watatu hao tunawatenganisha kwa majaribio mawili.

La kwanza, iondoe getwei kwenye mstari, unga waya wa themostati moja kwa moja kwenye temino (sehemu za kuungia waya) za OpenTherm za boila. Kaa hivyo usiku mmoja au miwili. Skrini ikizima tena, getwei haina hatia.

La pili, rudisha getwei, kisha ing'oe themostati sebuleni, panda nayo darini na uiunge kwenye getwei kwa kipande kipya cha waya cha nusu mita. Iache huko usiku kucha. Itapima joto la dari badala ya sebule, kwa hiyo weka nyuzi utakazoona zinafaa na mtoto afunikwe vizuri usiku huo. Ikitulia, themostati nayo imetoka. Anabaki waya.

Na tafadhali: zima umeme wa boila kabla ya kugusa temino. Kwenye boila nyingi temino za themostati zimekaa jirani na za volti 230. Ukikosea ukaunga waya mwembamba kwenye 230, umeunguza themostati na getwei, na wewe mwenyewe uko hatarini. Bati la chumba cha moto usilifungue kabisa. Hapa Uholanzi tangu tarehe 1 Aprili 2023 kazi za kwenye boila za gesi ni za kampuni zenye cheti tu, na sheria hiyo imewekwa kwa ajili ya hewa ya kaboni monoksidi, inayoua watu wamelala. Waya wa themostati unaruhusiwa, moto usiuguse.

Msomaji_Leeds

Naongezea kwenye hilo la 230. Huku Uingereza nyumba nyingi themostati yake ni swichi ya kuwasha na kuzima tu, na inakatiza volti 230 zenyewe. Atakayesoma uzi huu akiwa huku asidhani kila waya wa themostati ni mwembamba na salama. Angalia kitabu cha boila kwanza, tafuta jina OpenTherm kwenye temino. Kama halipo, usiunge.

Mtanga_Utrecht

Nimerudi baada ya siku sita, samahani kwa kimya, kila jaribio nilitaka lipate usiku wake.

GW=0: skrini ilizima mara tatu.

Bila getwei, themostati moja kwa moja kwa boila: usiku wa kwanza salama, nikaanza kuamini kuwa Kaka_Mkubwa_TZ alikuwa sahihi. Usiku wa pili saa 9 alfajiri ikazima. Nilikuwa macho na mtoto, nimeiona kwa macho yangu. Getwei ilikuwa mezani haijaungwa popote.

Themostati darini kwa kipande kifupi: usiku mbili, hakuna Error hata moja. Nimesoma mistari yote.

Dada, ni waya. Na sasa kuna kitu nimekikumbuka, sijui kwa nini sikukisema mwanzo. Mwishoni mwa Oktoba, siku chache kabla sijafunga getwei, mafundi walikuja kubadilisha mita ya umeme. Walifanya kazi ndani ya kabati lile ambalo waya unapita. Kwa sababu getwei niliifunga mara tu baada ya hapo, akili yangu yote ilikuwa kwenye getwei.

Kaka_Mkubwa_TZ

Hapa nimejifunza mkuu. Nilikuambia ununue themostati, ungepoteza pesa bure. Endelea, nafuatilia.

Fundi_Dada

Umefanya kazi nzuri sana, na usijilaumu kwa hiyo mita. Kila mtu hukamata kile alichokigusa mwenyewe mara ya mwisho.

Sasa tuupime. Zima boila. Chomoa waya pande zote mbili, usibaki umeungwa popote. Chini sebuleni zisokote ncha mbili pamoja. Panda darini, weka multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, kwenye omu, yaani ukinzani wa waya, pima ncha mbili za juu. Unachopima ni kwenda na kurudi. Maelekezo ya OpenTherm yanataka kila waya usizidi omu 5, kwa hiyo jumla isizidi 10, na urefu usizidi mita 50. Waya mzima wa mita 15 utakupa omu moja na kitu. Wakati unapima, mtu mwingine autikise waya taratibu ndani ya kabati la mita. Asiguse kingine humo ndani.

Mtanga_Utrecht

Nimepima. Mke wangu alikuwa chini, mimi juu, tunaongea kwa simu.

Bila kutikisa: omu 38. Alipougusa waya kwenye kabati: 90, 140, kisha kipimo kikasema hakuna njia kabisa, kisha 41. Moyo ulinidunda, kwa sababu miezi miwili hii nilikuwa natafuta kitu kisichoonekana, na sasa nakiona kinarukaruka kwenye namba.

Nyuma ya mita mpya, chini kabisa, waya umeungwa. Mtu zamani aliunganisha vipande viwili kwa kuvisokota na kuvizungushia utepe mweusi. Utepe umekauka, umefunguka. Shaba ndani ina kutu ya kijani. Sehemu ile inapigwa na upepo baridi kutoka chini ya sakafu, ukiweka mkono unausikia. Na waya ulikuwa umevutwa, umekazwa kama uzi wa kuanikia nguo.

Fundi_Dada

Basi huyo ndiye. Kiungio cha kusokota kinadumu miaka kikiachwa kimetulia. Kikivutwa mara moja, zile nyuzi za shaba zinabaki zinagusana kwa ncha tu. Usiku kabati linapoa, unyevunyevu unaingia, mguso unaachia. Kuanzia hapo themostati inakosa maneno na chakula pamoja.

Usikitengeneze kiungio hicho. Badilisha waya wote, kipande kimoja kutoka chini hadi juu bila kiungio. Chukua waya wa jozi iliyosokotwa, unapunguza kelele za umeme, na usiupitishe kwenye bomba moja na nyaya za 230. Ukilazimika kukatisha njia yake na ya 230, ikatishe kwa msalaba, zisitembee sambamba. Kaza skrubu za temino kisha uvute waya kidogo kwa mkono, ukitoka, hukuukaza.

Mwombe mwenye nyumba ruhusa kwa maandishi.

Bahari_Kilindini

Na kabla ya kuutoa wa zamani, funga wa mpya kwenye ncha yake uuvute kupitia ukutani. Mimi niliutoa wa zamani kwanza na nikatumia Jumamosi nzima kutafuta njia.

Mtanga_Utrecht

Mwenye nyumba alikubali siku hiyohiyo, hata gharama ya waya atanirudishia. Njia ya Bahari ya kuvuta imefanya kazi hadi kwenye kabati, kutoka hapo nimepitisha pembeni ya ubao wa chini wa ukuta, mbali na nyaya za umeme. Kipimo kipya: omu 1.2, mke wangu akitikisa hadi achoke haibadiliki.

Leo ni siku ya tisa. Hakuna Error, hakuna Thermostat disconnected. Sebule imekaa nyuzi 20.5 usiku kucha. Mama ameacha kulala na koti, na jana ameniambia nimfungulie dirisha kidogo. Dada, Mungu akuzidishie. Bahari na Msomaji pia.

Nina swali moja limebaki. Themostati ina sehemu ya kuonyesha joto la nje, nayo inaonyesha vistari vitupu. Kwenye mazungumzo naona hivi:

T001B0000
BF01B0000

Je, waya bado una tatizo?

Fundi_Dada

Hapana, lala kwa amani. Kitu namba 1B ni 27, joto la nje. F0 ni boila ikisema: hicho sikijui. Ni jibu kamili, limefika zima, kwa wakati wake. Boila yako haina kipimo cha nje kilichofungwa ukutani, kwa hiyo haina cha kusema. Watu wengi wanaona jibu hilo wanadhani mawasiliano yamekatika. Yakikatika kweli, hupati jibu lolote, au unapata Error.

Ukitaka namba ionekane, getwei inaweza kujibu badala ya boila. Chukua joto la nje kutoka chanzo chochote unachokiamini, liandike kwa amri ya OT. Kwa mfano OT=4.0. Inakubali kuanzia -40 hadi +64. Kompyuta yako inaweza kuituma yenyewe kila baada ya muda. Na kwa kuwa uliiweka GW=0 siku zile, hakikisha umeirudisha GW=1, vinginevyo getwei itaendelea kusikiliza tu bila kujibu.

Mtanga_Utrecht

Ilikuwa bado kwenye 0, nimeirudisha. Nimetuma OT=4.0, na kwenye mazungumzo sasa naona mstari wa A baada ya B. Skrini inaonyesha 4.0 nje, 20.5 ndani.

Kile kipande chenye kiungio sijakitupa. Kesho mchana kukiwa na mwanga nitakipiga picha niiweke hapa, mwenye nyumba ya zamani kama yangu ajue cha kutafuta nyuma ya mita.